Lenzi za Macho Kazini: Mwongozo wa Tarehe, Maji na Usalama kwa Wafanyakazi wa Pwani ya Kusini

Mwongozo huu ni wa watu wanaovaa lenzi na kuingia nazo kazini kati ya Likoni na Lunga Lunga: mhudumu wa mapokezi katika hoteli ya Diani, mwalimu wa kaiti pale Galu, mwendesha boda boda wa Ukunda, muuguzi wa zamu ya usiku Msambweni. Ni wa wapambaji wa maharusi pia, na pengine wao kuliko wote, kwa sababu lenzi za rangi mara nyingi hazipitii kwa mpimaji macho. Hupitia saluni.

Kwanza turekebishe jina moja. Kile kioevu cha chupani cha kusafishia lenzi, wengi wetu tumezoea kukiita "maji ya lenzi". Jina hilo limeleta madhara. Likishasikika "maji", mtu aliyeishiwa huona si vibaya kuchota ya mtungi, au ya chupa ya kunywa, au kuchemsha maji na kutia chumvi kidogo. Kioevu kile ni dawa: kinaua vijidudu. Katika mwongozo huu kitaitwa dawa ya lenzi, na tunaomba kila mwenye saluni na kila mwenye duka awafundishe wateja wake jina hilo.

Tarehe ya pakiti na tarehe yako

Lenzi laini hutoka kiwandani ikiwa imelala ndani ya kikombe kidogo cha plastiki chenye maji ya chumvi yaliyopimwa. Kikombe hufunikwa kwa foili, kisha hupitishwa kwenye mvuke mkali hadi kisibaki kijidudu hai. Tarehe iliyopigwa chapa juu ya foili ni ahadi ya mwenye kiwanda kuhusu kikombe hicho kikiwa bado kimefungwa: kwamba mpaka siku hiyo foili haitavuja, maji ya ndani hayatabadilika, na lenzi itabaki safi na yenye umbo lake. Ahadi hiyo ni ya miaka kadhaa, mara nyingi minne au mitano tangu kutengenezwa. Juu ya lenzi iliyokwisha kufunguliwa, haisemi lolote.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mtu ananunua lenzi za mwezi mmoja, anaona pameandikwa 2028, anajiona amepata mali ya miaka. Kumbe siku alipofungua foili ile tarehe ilikufa, na hesabu nyingine ikaanza, fupi zaidi, ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kumpigia chapa. Ni lazima aiandike mwenyewe.

Tarehe ya pakiti isomwe hivi. Tafuta herufi EXP au picha ya saa ya mchanga. Pakiandikwa 2027-03, lenzi iliyofungwa ni halali hadi siku ya mwisho ya Machi 2027. Usiichanganye na picha ya kiwanda kilichojazwa rangi, kwa maana hiyo huonyesha siku ya kutengenezwa. Wapo wanaotupa lenzi nzima, na wapo wanaovaa zilizokwisha, kwa kusoma picha moja badala ya nyingine. Ukiona namba 2 ndani ya duara iliyokatwa kwa mstari, lenzi hiyo ni ya kuvaliwa mara moja tu na kutupwa. Herufi LOT hufuatwa na namba ya fungu la kiwandani, na umuhimu wake tutauona mbele. Foili ikiwa imevimba, imetoboka, au lenzi imekauka ndani, tupa hata kama tarehe bado. Tarehe ikiwa imepita, tupa hata kama foili inang'aa. Na pakiti ambayo tarehe yake imekwanguliwa au imefunikwa kwa stika ya bei, irudishe dukani bila kuona haya.

Baada ya kufungua, zipo lenzi za siku moja, za wiki mbili, za mwezi, na kuna hizi za rangi zinazouzwa kwa jina la lenzi za mwaka. Siku zinazohesabiwa ni za kalenda, si za kuvaa. Lenzi za wiki mbili ulizozivaa Ijumaa tano tu hazina umri wa siku tano. Zina wiki nne tangu kufunguliwa, na wakati wao ulipita Ijumaa ya tatu. Machozi yana protini na mafuta ambayo hushika kwenye plastiki, na vijidudu hupenda kujenga juu ya uchafu huo. Kijaluba cha kuhifadhia hakisimamishi umri wa lenzi, kama vile sufuria isivyosimamisha umri wa samaki.

Njia rahisi kwa mwajiriwa wa mwezi ni kufungamanisha kuvaa lenzi mpya na siku ya mshahara. Mshahara ukichelewa, lenzi zisichelewe. Anayevaa mara chache, kwa harusi, kwa Idi, kwa kupigwa picha, asinunue za mwaka. Anunue za siku moja. Kila jozi itaonekana ghali, lakini hatahitaji kijaluba wala chupa, na hatakuwa na la kusahau.

Chupa na kijaluba nazo zina umri

Chupa ya dawa ina tarehe mbili kama lenzi. Iliyopigwa chapa ni ya chupa iliyofungwa. Ukiifungua, aina nyingi hutakiwa kutupwa baada ya siku 90. Soma karatasi ya chupa yako, kisha andika kwa maka kwenye ubavu wake siku uliyofungua. Usimimine kwenye chupa ndogo ya safari. Usiiache ndani ya tuktuk iliyoegeshwa juani wala kwenye dirisha la saluni, kwani joto la Januari huku kwetu hupita kipimo kinachoandikwa kwenye chupa nyingi. Mdomo wa chupa usiguse kidole, lenzi wala kijaluba.

Kosa baya kuliko yote kwenye kijaluba ni kuongezea: kubakisha dawa ya jana na kujaziliza ya leo juu yake. Dawa iliyokwisha kufanya kazi usiku mmoja imechoka. Mwaka 2006 dunia ilipata somo. Watumiaji wa lenzi huko Singapore, Hong Kong na Marekani walianza kupatwa na vidonda vya jicho vinavyosababishwa na kuvu aitwaye Fusarium, na uchunguzi ukaelekea kwenye dawa moja, ReNu with MoistureLoc ya kampuni ya Bausch & Lomb. Mwezi Mei mwaka huo iliondolewa madukani dunia nzima. Miongoni mwa yaliyogunduliwa ni kwamba tabia ya kuongezea dawa juu ya dawa iliongeza hatari. Tukumbuke kuwa kuvu wa aina hiyo hustawi kwenye joto na unyevu, na sisi tuna vyote viwili mwaka mzima.

Basi kila asubuhi mwaga yote. Suuza kijaluba kwa dawa ile ile, si kwa maji. Kifute kwa tishu safi na ukiinamishe juu ya tishu nyingine kikauke, vifuniko pembeni. Kisizidi miezi mitatu kabla ya kubadilishwa. Usiku, osha mikono kwa sabuni, ikauke kabisa, wala usiifute kwa leso unayojitanda, kwani nyuzi zake huganda kwenye lenzi. Weka lenzi kiganjani, tia matone ya dawa, isugue taratibu kwa ncha ya kidole pande zote mbili, suuza kwa dawa, kisha ilaze. Hata chupa iliyoandikwa kwamba haihitaji kusugua, sugua.

Kuna dawa ya aina ya pili, yenye hidrojeni peroksaidi, inayouzwa pamoja na kijaluba chake cha pekee kirefu. Husafisha vizuri sana, ila ikiingia jichoni kabla ya kutulia huunguza. Lazima ikae ndani ya kijaluba chake hicho saa zote zilizoandikwa, mara nyingi sita au zaidi. Msiihifadhi rafu moja na dawa ya kawaida. Na yale maji ya chumvi tasa ya dukani hayaui kitu. Ni ya kusuuzia tu.

Maji ya bahari, ya kisima na ya udhu

Profesa Otto Wichterle wa Prague, aliyetengeneza lenzi laini za kwanza zilizofaa kwa mashine aliyoiunda nyumbani kwa vifaa vya kuchezea vya watoto, Krismasi ya mwaka 1961, alifanikiwa kwa sababu plastiki yake ilikunywa maji kama sifongo. Karibu asilimia 38 ya uzito wa lenzi ile ilikuwa maji. Ndiyo maana ni laini, na ndiyo maana maji machafu yakiigusa hayapiti juu tu, huingia na kukaa.

Mdudu wa kuogopwa ni amiba aitwaye Akanthamiba. Anaishi kwenye udongo, kwenye matangi, kwenye mifereji, kwenye bwawa la kuogelea na baharini pia. Akibanwa hujifungia ndani ya ganda gumu na kustahimili klorini ya kawaida. Akiingia kwenye kioo cha jicho, maumivu yake ni makali na matibabu huchukua miezi. Maji ya visima vya Tiwi, ya mtungi wa mkokoteni, ya bomba la hoteli ya nyota tano, yote ni mamoja kwake. Maji ya kunywa ya chupa vilevile. Ni salama tumboni. Tumbo lina asidi, jicho halina. Mate nayo yana bakteria wake. Lenzi ikianguka kwenye sinki na huna dawa, itupe.

Toa lenzi kabla ya kuoga, kuogelea na kuzama. Kwa waongozaji wa watalii wanaokwenda Kisite kutoka Shimoni, na walimu wa kaiti msimu wa kaskazi unapovuma, suluhisho bora ni barakoa ya kuzamia au miwani ya maji iliyowekwa kioo cha namba yako. Asiyeweza hilo, avae za siku moja chini ya barakoa inayobana vizuri, na azitupe akitoka majini. Asirudi nazo kwenye pikipiki kwa kuwa "bado zinaona".

Watu huuliza kuhusu udhu, na ni haki yao kuuliza. Kuosha ndani ya jicho si katika udhu, hivyo wanazuoni hawamlazimishi mtu kuvua lenzi kila sala. Fumba macho unapoosha uso, futa maji kwenye kope kwa kitambaa safi kabla ya kufumbua, inatosha. Kwa josho la mwili mzima chini ya bomba, vua. Hapo maji ni mengi na hayazuiliki kwa kufumba.

Kwa wapambaji

Biharusi anaketi kitini, piko ya mkononi haijakauka vizuri, simu zinalia, watu wa bwana harusi wako njiani. Mpambaji anafungua droo na kutoa kijaluba chenye lenzi za kahawia alizomvisha biharusi wa wiki iliyopita. Amezisuuza. Hapo hapo jicho la mtu wa pili limekabidhiwa vijidudu vya mtu wa kwanza, na kusuuza hakuondoi. Sheria ya saluni iwe moja, isiyo na udugu wala ujirani: lenzi haiazimwi. Jozi moja, mtu mmoja, foili ifunguliwe mbele yake.

Lenzi ya rangi isiyo na namba nayo ni kifaa cha tiba. Inalala juu ya kioo cha jicho kama kiatu mguuni, na ina vipimo viwili vilivyoandikwa kwenye pakiti, BC na DIA, yaani mpindo na upana. Kiatu kisichokaa huchubua kisigino. Lenzi isiyokaa huchubua kioo cha jicho, na mchubuko huo ndio mlango wa vijidudu. Kwa hiyo unapopokea kazi ya harusi, mwambie biharusi mapema, wiki tatu au nne kabla, aende kwa mpimaji macho, apimwe, afundishwe kuvaa na kuvua, na ajaribu siku moja nyumbani. Asiyeweza kuvua lenzi kwa mkono wake mwenyewe asivishwe. Bei ya lenzi iandikwe wazi ndani ya bei ya kupamba. Ukiibeba mwenyewe mfukoni mwako, ndipo kishawishi cha kuazimisha kinapoanza.

Siku yenyewe, lenzi hutangulia vipodozi, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni isiyo na mafuta ya kulainisha ngozi. Dawa ya nywele ya kupuliza imalizwe kabla lenzi haijafunguliwa. Wanja upite nje ya mstari wa kope, si ndani. Unga wa kumetameta karibu na jicho ni adui: chembe moja chini ya lenzi husugua kama mchanga. Gundi ya kope za bandia ikauke kabla ya kufumbua. Kurudi ni vivyo hivyo, lenzi kwanza, kuosha uso baadaye.

Lakini mpambaji hayupo usiku. Biharusi amechoka, amelia, amecheka, amepigwa picha saa nane, na atalala nazo kama hakuna wa kumkumbusha. Tunapendekeza kijaluba na chupa akabidhiwe somo wake. Tangu zamani somo ndiye anayejua biharusi alale vipi na aamke vipi. Hili liongezwe kwenye kazi zake. Kulala na lenzi si jambo dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 kutoka eneo la New England, Marekani, ulikuta vidonda vya jicho kwa watu takriban 4 kati ya kila 10,000 kwa mwaka miongoni mwa waliovaa lenzi laini mchana tu, na takriban 21 miongoni mwa waliovaa zile za kulala nazo. Ukifumba jicho, hewa hupungua, machozi hayapiti, joto huongezeka. Usingizi wa saa moja kwenye kiti cha zamu nao ni usingizi.

Wekeni daftari: jina la mteja, tarehe, namba ya LOT na tarehe ya EXP. Bidhaa ikitangazwa kuwa na kasoro, namba ya fungu ndiyo itakayokuambia ni nani wa kumpigia simu.

Kazi nyingine, kwa ufupi

Mpishi aliyekata pilipili asiguse lenzi hata baada ya kuosha mikono mara moja. Kazi ya kuvua aiache mpaka mikono isiwashe tena. Mwendesha boda boda avae kofia yenye kioo na akishushe, kwa vumbi la barabara za ndani na upepo unaokausha lenzi. Mhudumu wa bwawa anayechanganya klorini, fundi wa kuchomelea, mchonga mawe: lenzi si kinga ya jicho, na miwani ya kazi huvaliwa juu yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga, si hisani. Fundi asiogope hadithi kwamba mwanga wa kuchomelea huyeyusha lenzi ikashikana na jicho. Si kweli. Mwanga huo huunguza jicho lenyewe, lenye lenzi na lisilo na lenzi.

Kemikali ikiruka jichoni, kanuni yote ya maji tuliyoisema inawekwa kando. Mimina maji safi mengi papo hapo, yoyote yaliyo karibu, yapite jichoni dakika 15 au zaidi, lenzi itolewe wakati maji yanapita, kisha hospitali.

Kila mvaa lenzi awe na miwani ya namba yake mfukoni au kwenye kabati la kazini. Asiye na miwani ndiye anayerudisha lenzi kwenye jicho lililokwisha kuwasha, kwa sababu hana njia nyingine ya kuona noti za wateja.

Jicho likiwa jekundu

Mwanzoni mwa mwaka 2024 macho mekundu yalienea Pwani, kuanzia Mombasa, na nchi jirani pia. Watu walizoea kuyaona yakipona yenyewe ndani ya siku chache. Kwa mvaa lenzi, mazoea hayo ni hatari. Jicho lake likiwa jekundu asidhani ni ule ugonjwa wa kupita mpaka aangaliwe, kwa sababu kidonda cha kioo cha jicho huanza kwa sura ile ile. Maumivu, kushindwa kutazama mwanga, ukungu, usaha, hisia ya mchanga inayobaki hata lenzi ikishatoka, au doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho: lolote kati ya haya ni la siku hiyo hiyo, si la baada ya zamu.

Vua lenzi za macho yote mawili. Usifunge jicho kwa bandeji. Usitie maziwa ya mama, asali, chai wala maji ya chumvi. Usinunue matone yenye steroidi, kama betamethasoni au deksamethasoni, kwa kuwa yalimsaidia jirani; huondoa wekundu upesi, nao ndio uzuri wake na ubaya wake, kwani kuvu na virusi hupata nafasi ya kula kioo cha jicho kimyakimya.

Nenda Hospitali ya Rufaa ya Msambweni au Kwale Eye Centre. Aliye karibu na kivuko anaweza kuvuka kwenda Lighthouse for Christ au Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa. Waambie mlangoni kwamba unavaa lenzi, hata kama hujaulizwa, na utaje ulilala nazo au uliogelea nazo lini. Chukua kila kitu ndani ya mfuko safi wa plastiki: lenzi ulizovua, kijaluba kikiwa na dawa yake ndani bila kumwagwa, chupa, na foili kama bado unayo. Usikisafishe kijaluba kwa aibu. Uchafu ulio ndani yake unaweza kupimwa maabara na kumwonyesha daktari ni mdudu gani anayepigana naye.